Sakafu Nene ya Sultani Shehali

Hapo zamani, watu walipokuwa wakiogopa hata kukohoa mbele ya wakubwa, palikuwa na sultani katika mji wa Chongowe, jina lake Shehali. Akili yake ilikuwa ndogo na tumbo lake lilikuwa kubwa, na kati ya viwili hivyo tumbo ndilo lililokuwa likitawala. Alikula mara tano kwa siku, na mara ya sita alimwita tabibu.

Basi ikawa Sultani Shehali amepata habari kwamba sultani wa Mbweka, mji wa ng'ambo ya mto, atamzuru siku ya Ijumaa. Na desturi ya masultani wa pande zile ilikuwa hivi: mgeni haketi ukumbini kula mpaka kwanza ameingizwa jikoni, akaona kwa macho yake chakula kikitoka chunguni kikaingia katika sahani za mwenyeji, asije akatiliwa sumu. Shehali akashuka jikoni kwake, mahali ambapo hakuwa amepakanyaga tangu kuzaliwa, maana chakula ndicho kilichozoea kumfuata yeye. Akaona sakafu imeliwa na panya, ina mashimo ya kutosha kuku kutagia.

"Nataka sakafu mpya ya chokaa," akasema. "Ya Mbweka ni nene vidole vitatu, yangu na iwe shubiri nzima, vidole kumi na viwili. Ipite kila mahali, hata chini ya kabati. Wala kisitolewe kitu humu, wala kisisogezwe kitu hata kwa unywele. Mimi sitashinda na njaa kwa ajili ya chokaa!"

Na jikoni mle mlikuwa na kabati kubwa la mninga, urithi wa babu yake Sultani, lenye miguu mifupi ya vidole vinne, na milango yake ilishuka mpaka ilipoanzia miguu. Ndani yake ndimo zilimokaa sahani zote za karamu. Kando yake palikuwa na kinu, na mitungi mitatu ya maji.

Wakaitwa waashi watatu, mkubwa wao akiitwa Mbaruku. Akatazama, akapima kwa mkono, kisha akainama.

"Maulana, kazi hii huanza kwa kutoa vyombo. Kabati lisogezwe kwanza, tumwage chokaa, tuipige, ikikauka tulirudishe."

"Umesema nini?"

"Lisogezwe, bwana. Hakuna njia nyingine."

"Amenipinga!" Shehali akapiga kelele mpaka paka akakimbia. "Gerezani! Na hao wawili wanaoitikia kwa vichwa, nao gerezani! Ijumaa ikifika sina sakafu yangu, wakatwe mikono, tuone watasogeza nini."

Basi mke wa Mbaruku, jina lake Somoe, akaenda mbio kwa kaka yake Vuai. Huyu Vuai alikuwa fukara wa kupigiwa mfano. Alikuwa na kanzu moja tu, na siku ya kuifua hakutoka nje. Lakini ulimi alikuwa nao, tena wa kugawia watu.

"Kaka," Somoe akalia, "mikono ya mume wangu ndiyo inayowalisha wanangu. Miaka yote hii una maneno ya bure barazani. Leo yatumie!"

"Nyamaza, dada," akasema Vuai. "Mpumbavu yule ametaka kutiiwa. Nitamtii mpaka ajute."

Akaitwaa kanzu yake, mbichi vilevile, akaenda zake mpaka kwa Sultani.

"Wewe ni mwashi?" Shehali akamwuliza, mdomo umejaa sambusa.

"Maulana, mimi sijui hata kama chokaa huliwa au hunywewa. Lakini masikio yangu ni mazima, na neno lako nimelisikia: shubiri nzima, mpaka chini ya kabati, kisitolewe kitu, kisisogezwe kitu. Ndivyo?"

"Ndivyo hasa! Mnaona?" Shehali akawageukia watu wake. "Mtu wa kanzu mbichi amenifahamu, na mafundi wenye mikoba hawakunifahamu. Basi fanya. Ukiharibu, mikono yako itafuata ya wale."

"Na nikifanya sawasawa na neno lako, bila kuzidisha wala kupunguza?"

"Omba utakalo, utapewa."

Wakaitwa wanawake arubaini wa kupiga sakafu, kila mmoja na kipande chake cha mti, kwani sakafu ya chokaa hupigwa siku tatu mpaka iwe ngumu kama jiwe, na pande zile wapigaji walikuwa na ada ya kutunga nyimbo kwa maneno ya mwenye nyumba. Vuai akawapa maneno, wakayaimba kwa vishindo:

*Shubiri nzima, si vidole vitatu,*
*kasema bwana, kisisogezwe kitu!*

Wakaimba asubuhi, wakaimba mchana, mpaka mji mzima ukayashika. Naye Shehali kule juu akawa akitikisa kichwa kwa raha, akidhani anasifiwa.

Mpishi mkuu, Bi Msuo, alikuwa akipika juu ya kibaraza chake, macho yake hayabanduki sakafuni, na Sultani akipelekewa chungu kizima, maana hakuwa na subira ya kupakuliwa.

"Vuai baba, miguu ya kabati imezama."

"Limeagizwa lisogee, Bi Msuo?"

"La."

"Basi."

Baada ya kitambo akasema tena, "Sasa chokaa inapanda mlangoni. Nitoe sahani japo chache?"

"Umeruhusiwa kutoa kitu?"

"La, sikuruhusiwa."

"Basi pika, mama. Mimi na wewe ni watu wa kutii."

Bi Msuo akamtazama, akatazama kabati, akafunika mdomo kwa upande wa kanga.

Ijumaa ikafika. Sakafu iling'aa kama kioo, nene shubiri nzima, imeingia chini ya kabati ikalizamisha mpaka tumboni. Kinu kimezama kifuani, na mitungi imebakisha shingo tu, kama watu wanaooga. Sultani wa Mbweka akaingizwa jikoni, akaitazama sakafu, akasema, "Mashallah! Hii yashinda yangu." Shehali akavimba mpaka vifungo vikalalamika.

"Bi Msuo! Toa sahani, umpakulie mgeni wangu pilau."

Bi Msuo akavuta mlango wa kabati. Haukutikisika. Vidole vinane vya chokaa kavu vilikuwa vimeukaba kwa mbele.

"Wanawake hamna nguvu!" akasema Shehali. Akashika kipete cha mlango kwa mikono miwili, akavuta, akavuta tena, kipete kikang'oka, naye akaanguka chali, kilemba kikaenda kuingia mtungini.

Mgeni akatazama huku na huku. Nje ya kabati hapakuwa na chombo cha kupakulia ila kata ya maji na ungo wa kupetea mchele.

"Ndugu yangu Shehali," akasema, "kwenu sahani huzikwa?"

"Vuai!" Shehali akanguruma angali amekaa chini. "Umenifanya nini, mwana haramu?"

"Nimekufanyia shubiri nzima, maulana. Pima. Hakikutoka kitu, hakikusogea kitu. Ukiniona nimekosea, mji wote unalijua neno lako, waulize."

Na kweli, uani wanawake walikuwa wakiimba vilevile.

Pilau ikaanza kupoa. Mgeni akatazama jua kupitia dirishani, kama mtu anayefikiri safari ya kurudi. Hapo Shehali akapandwa na wazimu.

"Lisogezeni! Bomoeni hiyo chokaa, lisogezeni kabati!"

Hakuna mtumishi aliyenyanyua hata kidole. Wakatazama miguu yao.

"Mmekuwa viziwi?"

"Hatukuwa viziwi, maulana," akasema Bi Msuo. "Lakini mtu aliyelisema neno hilo kabla yako yuko gerezani, na leo ndiyo siku ya kukatwa mikono."

Mgeni akauliza habari, Vuai akamweleza yote. Sultani wa Mbweka akacheka mpaka akashika ukuta. "Ama kweli! Huku kwenu wenye akili hufungwa, na..." Akamtazama mwenzake pale chini, hakumaliza.

"Sasa naomba nilichoahidiwa," akasema Vuai. "Wape waashi watatu uhuru wao, na mikono yao wakae nayo. Nao ndio peke yao watakaoibomoa chokaa hii pasipo kulipasua kabati la babu yako. Na mdomo wako wenyewe uutangazie mji kwamba walisema haki."

Shehali akatafuta uso wa kumtetea, asipate hata mmoja. Basi akajikokota mpaka dirishani, kichwa wazi, akawaambia wale wanawake arubaini na watu waliokusanyika nyuma yao, "Mbaruku alisema haki. Kabati lilikuwa la kusogezwa kwanza." Kicheko kilichotoka uani, wanasema, kiliwashtua kunguru wa mji mzima.

Wakaletwa waashi, pingu zikafunguliwa. Mbaruku hakuinama, wala hakusema maulana. Akachukua patasi na nyundo, akapiga magoti mbele ya kabati, kisha akageuza shingo akamwambia Sultani, "Kaa kando, wanizuilia mwanga."

Sultani akakaa kando.

Maneno yameishia hapo. Asiyeyasadiki na ajaribu jikoni kwake.