Ubeti wa Pua

Mtu mmoja, jina lake Mshamu, alirithi kwa baba yake kazi ya kuutungia mji mashairi. Akiolewa binti, anaitwa yeye. Akifa mtu, anaitwa yeye. Lakini Mshamu hakujaliwa mtoto, na mvi zilikuwa zimeshamjaa, na kila alipojilaza alikuwa na hofu moja tu: siku atakayozikwa, vina na mizani vitazikwa pamoja naye, na mji utabaki bubu.

Basi akaomba kufundisha watoto wa shule, jioni baada ya masomo. Wakaja wengi. Akawafundisha na fimbo mkononi. Shairi, aliwaambia, si jambo la mchezo. Anayetaka kucheka atoke nje. Akawapa watunge juu ya utii kwa wazazi, juu ya adabu, juu ya subira. Watoto wakahesabu mizani kwa vidole huku wanapiga miayo. Wiki hii hakuonekana huyu, wiki iliyofuata yule. Mshamu akasema watoto wa siku hizi hawana lolote. Na ninyi mmeshawahi kusema hivyo, msiangalie chini.

Jioni moja usingizi ulimpitia kitini, na alipozinduka darasa lilikuwa tupu. Akasikia vicheko nyuma ya jiko la shule. Akashika fimbo yake, akanyata. Wanafunzi walikuwa wamekaa juu ya kuni, na msichana mmoja, Mwanate, alikuwa anatoa ubeti:

*Maalimu akikaa, kiti kinaomba dua,*

na mwenzake akamdaka palepale:

*Akikoroma balaa, tunadhani kuna mvua.*

Damu ikamchemka. Akainua fimbo. Lakini vidole vya mkono wa pili vilikuwa vimeshahesabu vyenyewe, kwa mazoea. Mizani ilikuwa imetimia. Vina vya kati vimekaa mahali pake, vya mwisho pia, na hakuna aliyeshika hata kalamu. Walikuwa wanatoa kichwani, wanapokezana. Yale aliyowalazimisha muda wote ule wakashindwa, walikuwa wanayafanya juu ya kuni, kwa kumcheka yeye.

Mwanate akamwona. Wote wakaikodolea macho fimbo. Mshamu alijua, na mimi nataka mjue, kwamba akiishusha fimbo ile watoto wale hawatatunga tena maishani mwao. Akaitupa kwenye kuni.

"Na pua je?" akawauliza. "Kina kinaiita, yenyewe iko mbele yenu, mbona mmeiacha?"

Kesho yake wakaja na ubeti wa pua, na kusema kweli ulimuuma kidogo. Wakaja na wenzao pia. Wakatunga juu ya mbuzi wa mwalimu mkuu, juu ya uji wenye mabonge, juu ya paka wa mpishi. Mshamu akawa anacheka mpaka anafuta machozi, na ubeti ukipwaya anaurudisha, nao wanautengeneza bila kununa.

Mwaka haukuisha, bibi yake Mwanate akafariki. Hitima ilipokwisha, msichana alikuja peke yake, akasimama mbele ya Maalimu, akamsomea beti alizomtungia bibi yake. Hakuna aliyemtuma. Mizani ilikuwa ileile ya kiti na ya uji, lakini sasa ilibeba msiba, na haikuvunjika. Mshamu alitafuta pa kusahihisha, hakupaona. Akalia mbele ya mtoto bila haya, na ile hofu yake ikamtoka.

Ninyi mlioachiwa kitu chema na wazee wenu, mkakilinda kwa fimbo: huyo mtoto anayekichezea mlangoni mkimfukuza, mtamwachia nani?