Dirisha la Kuhesabia Risasi

"Dirisha la mkaguzi ni mlango wa mchanga." Mmeisikia, mmecheka, na sasa mnauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Katika vile vita vya kwanza vya Wazungu, kikosi kimoja cha askari wa miguu kilipewa bombomu nyepesi, bunduki ya kufyatua mfululizo inayobebwa na mtu mmoja. Mpigaji wake aliitwa Kandulu. Aliyeibuni, Mungu amsamehe, aliiacha magazini, kile kisanduku cha risasi, wazi ubavuni kama dirisha ili askari aone risasi zilizobaki. Huko kwao labda hakuna vumbi! Huku, mwendo wa nusu saa tu na magazini imejaa mchanga. Bunduki inakohoa mara tatu, inakwama. Kandulu alichoka kuichokoa kwa kijiti. Akakata shuka yake, akashona mifuko, akazivika magazini zote. Wiki mbili bombomu haikukwama hata mara moja.

Ndipo Sajini Farajala alipokuja na ukaguzi wake.

"Matambara gani haya? Vua!"

"Afande, mchanga..."

"Nitahesabuje risasi nisizoziona? Dirisha hili limewekwa na wenye akili kuliko wewe."

"Wenye akili hao hawajatembea nasi, afande."

"Nimesema vua!"

Kandulu akaivua mifuko, akaitia mkobani. Sikio la kufa halisikii dawa.

Adhuhuri ya siku hiyo, baada ya mwendo wa vumbi, wapagazi wa kikosi walikuwa wakivuka mto, na katikati yao Mtepa, mdogo wake Kandulu, sanduku kichwani. Mara maadui wakaanza kupiga kutoka vichakani ng'ambo. Kuwanyamazisha ilikuwa kazi ya bombomu. Kandulu akalala chini, akalenga, akafyatua. Risasi tatu, kimya. Akabadilisha magazini. Mbili, kimya. Mtoni watu walikuwa wakipiga mayowe.

"Piga!" alifoka Sajini, amejilaza kando yake. "Zimebaki ngapi?"

"Karibu zote, afande! Tazama mwenyewe, zinaonekana vizuri kabisa!"

Alipomaliza kuuchokoa mchanga, Mtepa alikuwa ameshachukuliwa na maji.

Kesho yake asubuhi Kandulu alisimama mstarini, macho mekundu, magazini zake zote zimevaa mifuko. Sajini akafika, akanyoosha mkono kama kawaida yake.

"Fungua nihesabu."

Kandulu hakugusa kitu. Alisema polepole, mstari mzima ukisikia:

"Dirisha la mkaguzi, afande, ni mlango wa mchanga."

Sajini akaurudisha mkono, akapita bila kuhesabu.