Cheni Iliyonyamazishwa

"Cheni iliyonyamazishwa hukatika bila kuaga." Mmeisikia leo mkacheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi, kana kwamba mimi ni babu. Sijafika hata thelathini. Haya mapengo mdomoni ni ya kuanguka kwenye lami, si ya umri. Lakini nilikuwepo, kwa hiyo kaeni. Methali hii ilianzia hapa hapa kijiweni Kwemzinga, na kila nikiisimulia damu hunichemka.

Mwenyekiti wetu wa bodaboda wakati ule alikuwa Shekiondo, mtu wa miwani ya jua hata siku ya ukungu. Ndiye aliyetunga sheria kwamba pikipiki yenye kelele kwenye injini irudi mwisho wa foleni. "Kelele zinakimbiza abiria," alisema. Mnajua sheria hiyo ilizaa nini? Hakuna aliyetengeneza pikipiki tena. Watu walitengeneza ukimya. Huyu anamimina oili nzito kama uji, yule anambembeleza fundi Hoza ampe dawa ya kelele. Dawa ya ugonjwa haikuwa na mteja.

Ikafika mitihani ya kidato cha nne. Desturi yetu mnaijua: watahiniwa wa huku bondeni tunawapandisha shuleni bure. Shekiondo akajitwalia kumbeba Nasemba, binti wa mama anayetuuzia chai, msichana aliyeutaka uuguzi tangu alipojua kufunga kidonda cha mbuzi. Siku hizo hizo pikipiki ya Shekiondo ikaanza: kacha-kacha-kacha, hasa ikisimama na kunguruma taratibu.

"Baba, pikipiki yako inakohoa," Mama Nasemba alimwambia. "Mwanangu utamfikisha kweli?"

"Mama, wewe koroga chai. Injini tuachie wenyewe."

Jioni ya kuamkia mtihani wa kemia, alipoona sheria yake mwenyewe itamrudisha mwisho wa foleni, akaipeleka kwa Hoza. Hoza akaegemeza bisibisi kwenye ubavu wa injini, mpini sikioni.

"Zingekuwa tapeti za valvu, zingegonga," akasema. "Hii inaburuza. Ni cheni ya taimingi."

Si ile ya nyuma mnayoipaka grisi. Ni ile ya ndani, inayoziambia valvu zifunguke lini na zijifunge lini. Hoza akachomoa kikazio chake, kile kinachoibana isilegee, akakuta kimeshatoka mpaka mwisho.

"Hapa hakuna cha kukaza tena, mwenyekiti. Cheni imerefuka. Itolewe, iwekwe mpya. Niachie mpaka kesho jioni."

"Kesho asubuhi nina mtahiniwa! We ongeza kitu hapo nyuma, inyamaze."

"Ikinyamaza haijapona."

"Hivi mwenyekiti hapa ni nani?"

Hoza akapachika nati nyuma ya springi ya kikazio. Kelele zikakata. Shekiondo akapita kijiweni, akageuza, akapita tena, ili tusikie jinsi asivyosikika. Na sisi, wapumbavu wakubwa, tukapiga makofi.

Asubuhi, katikati ya mlima, mahali pasipo nyumba wala mtandao wa simu, injini ilisema "ka!" ikafa. Shekiondo akapiga kiki; ikashuka laini kama anayekanyaga hewa. Cheni ilikuwa imekatika, pistoni imezipinda valvu. Pikipiki nyingine zote zilishatangulia na watahiniwa wao. Nasemba akavua viatu, akaupandisha mlima mbio. Alipofika, muda wa kuwaruhusu wachelewaji ulikuwa umepita. Msimamizi alimwonea huruma, lakini huruma haifungui mlango wa chumba cha mtihani.

Sasa sikieni uso mkavu wa mtu. Jioni Shekiondo anasimama mbele yetu, anasema: "Jamani, pikipiki imenisaliti. Haikutoa hata dalili!"

Mama Nasemba akaweka birika chini.

"Haikutoa dalili? Ililia wiki nzima, Shekiondo! Ililia mpaka nikaisikia mimi, mkoroga chai! Ukaiziba mdomo, na mimi ukaniziba. Mwanangu kashinda nje ya geti wenzake wakiandika, halafu aliyesalitiwa ni wewe? Na nyie mliopiga makofi, mbona mnatazama viatu?"

Uenyekiti ulimwisha pale pale, bila kura.

Mwaka uliofuata Nasemba alirudia mtihani. Tukampelekea mlangoni pikipiki nzuri kuliko zote, juu yake mwenyekiti mpya, kachomekea shati. Nasemba akatoka na kalamu zake, akaisikiliza injini.

"Mbona kimya hivi?"

"Haina kelele hata chembe, dada!"

"Ilifunguliwa ikatengenezwa, au ilinyamazishwa?"

Mwenyekiti mpya akamtazama Hoza. Hoza akajifanya anatafuta spana. Mnaona? Mwaka mzima, na bado tulikuwa wale wale!

Nasemba hakugombana na mtu. Alikuwa ameamka mapema makusudi, akaenda kwa miguu, akafika geti halijafunguliwa. Uuguzi anausoma sasa. Ila kabla hajashika njia alitugeukia, sote na mashati yetu ya kuchomekea, akatuambia:

"Kaka zangu, cheni iliyonyamazishwa hukatika bila kuaga."