Beberu wa Kofi Lisilopigwa

Hapo zamani, enzi ambazo kuku walilala kitandani na watu walilala juu ya miti, kulikuwa na kijiji kinaitwa Mashukeni. Msiniulize kiko wapi. Nikiwaambia mtakwenda kuazima vitu, na kule kuazima kulikuwa kazi ya heshima.

Desturi yao ilikuwa hivi: sauti ya mume ikipanda ndani ya nyumba, jirani hasubiri kusikia kilio. Anakimbia kupiga hodi, anaazima kitu. Chumvi, kinu, paka, chochote. Na mwazimaji lazima apokelewe vizuri, aulizwe hali ya watoto wake. Sasa wewe mwenye hasira, hebu jaribu kumuuliza mtu hali ya watoto wake huku umekunja ngumi! Huwezi. Utaonekana unadai deni.

Kila baada ya mavuno, Jumbe, mkuu wa kijiji, alitoa beberu mnene kwa mtu aliyezuia kofi kabla halijapigwa. Na njia ya mshindi ndiyo iliyofuatwa na nyumba zote mpaka mavuno mengine.

Basi kulikuwa na mume, Mbelwa, na mkewe Mwantumu. Mbelwa alikuwa hajampiga mkewe. Hajampiga, lakini sahani zilishapigwa, mlango ulishapigwa, kiti kilishavunjwa mguu, na kijiji kizima kiliona foleni inaelekea wapi. Mwantumu alipenda kuimba akipika. Akisikia kikohozi cha mumewe njiani, wimbo unakatika katikati ya neno.

Mchana mmoja, mavuno yamekwisha na beberu wa mwaka ule bado hajapata mwenyewe, Mbelwa akarudi kutoka shambani, akamkuta mkewe anachuja tui. Akakitazama kitambaa cha kuchujia. Akakitazama tena.

"Mwantumu! Hiyo si kanzu yangu?"

"Kanzu? Mume wangu, ina matundu mengi kuliko nguo. Nilidhani ni chujio umeninunulia."

"Ni kanzu niliyoolea!"

"Ndiyo maana tui limetoka na heshima."

Lo! Mbelwa akavimba. Akavimba shingo, akavimba mashavu, masikio yakamsimama kama ya punda. Mkono ukapanda juu.

Na papo hapo, kwa mpigo mmoja, yakatokea mambo matatu.

Matako ya Mbelwa yakashuka. Pwaa! Ndani ya beseni la tui.

Mlangoni sauti ikalia, "Hodi! Hodi wenyewe! Naazima... naazima... ukuta!" Alikuwa Bi Somoe, jirani, anahema, kanga iko mkononi badala ya kiunoni.

Na Mwantumu hayupo. Katoka kwa mlango wa nyuma.

Mkono wa Mbelwa ukabaki juu peke yake, kama unaomba ruhusa ya kwenda chooni. Kisha ukashuka, ukamfuta tui usoni.

Mwantumu akaenda moja kwa moja kwa Jumbe, kichwani kikapu cha nguo alichokuwa amekiweka tayari kando ya mlango wa nyuma. Kijiji kikamfuata. Beberu akaletwa. Jumbe akaamshwa. Kofi halikupigwa, sawa; lakini nani kalizuia?

Bi Somoe akaruka mbele. "Mbuzi wangu huyo, nipeni kamba! Nimesikia 'Mwantumu!' ya kwanza tu nikaacha samaki motoni. Nimekimbia mpaka nimesahau naazima nini. Mtu atampigaje mkewe na mimi niko mlangoni namwomba ukuta?"

"Ulipofika, Mbelwa keshakaa," akasema Ngoda, msuka mikeka.

Ngoda huyu ndiye aliyewakusanya waume kila Ijumaa alasiri akiwafundisha kukaa. Ndiyo, kukaa! Anawachokoza, "Mkeo kamlisha kuku pilau lako!" na wao, badala ya kuinuka, puu, wanakaa hapo hapo walipo. Waume wa Mashukeni wakawa wanakaa kila mahali: kwenye matope, kwenye siafu. Mmoja alikalia mayai ya mama mkwe.

"Aliyekaa mkono wake haufiki," akasema Ngoda. "Nimemfundisha Mbelwa mpaka leo matako yamepata akili kabla ya kichwa. Mbuzi wangu."

"Aliyekaa hawezi kurusha beseni?" akauliza Mwantumu. "Kabla sijaolewa nilisema siingii nyumba isiyo na milango miwili. Fundi akanicheka. Shangazi akaniuliza, 'Mwanangu, mnajenga nyumba au mnachonga filimbi?' Nikashikilia hapo hapo. Leo kofi lingekuja, lingemkuta nani? Nzi!"

Ndipo Mbelwa akasema, tui linamchuruzika, paka wanamfuata nyuma. "Na mimi je?"

Watu wote wakamgeukia.

"Mkono ulikuwa wangu. Ngoda kanifundisha kukaa, hakunifunga kamba. Bi Somoe ningemwambia beba ukuta uende. Na mlango wa nyuma hata mimi naujua. Nilitaka kuinuka nimfuate. Nilitaka sana. Sikuinuka."

Wanawake wakaangua kicheko. "Jumbe," akapaza sauti Bi Somoe, "basi na mimi nipe mbuzi, sijakung'ata tangu asubuhi!"

Jumbe akajishika sikio, kuhakikisha. Mbelwa hakucheka.

"Kwa kuwa hampatani," akafoka Jumbe, "huyu mbuzi nitamla mimi!" Kusikia mfoko, waume wote wakakaa chini kwa pamoja, puu! Vumbi likatimka, beberu akapiga chafya.

Vumbi lilipotulia, Mwantumu akasema polepole, "Jumbe, mbuzi simtaki. Nataka jibu. Kama aliyelizuia kofi ni Bi Somoe, nitarudi kwangu. Lakini siku akienda kumsalimia mwanawe, naondoka naye. Kama ni Ngoda, nitarudi, na nitamwomba Mungu somo lisimtoke mwanafunzi. Kama ni mlango, nitarudi, na hakuna atakayeweka gunia mbele yake. Na kama kweli ni huyu aliyejizuia mwenyewe, narudi sasa hivi, na wala sitageuka nyuma. Lakini mkikosea, si ninyi mtakaokuwa mle ndani."

Usingizi ukamruka Jumbe. Akamtazama Ngoda, Ngoda akamtazama Bi Somoe, Bi Somoe akaitazama miguu yake.

Haya, nyie mnaocheka huko nyuma, acheni kucheka. Mwantumu bado kasimama pale, kikapu kichwani, anangoja aambiwe pa kwenda. Mwambieni basi: kofi lile lilizuiwa na nani, na beberu apewe nani?