Jibu Nililotoa Mteremkoni

Asiyegeuka asijibu. Mmemsikia mwenyekiti akiisema methali hii leo mkutanoni, alipomwambia yule bwana aliyedai bomba la juu linatoa maji ilhali hajafika huko tangu mwezi uliopita. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Wengi hapa Makete wanaitumia bila kujua ilimlenga nani. Ilinilenga mimi, na ilianza hivi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kijiji kilitafuta watu watatu wa kwenda kwenye mbio za milimani, nasi tulikuwa marafiki watatu: Enesia Tweve, Sekela Sanga na mimi. Katika mbio zile saa ilisimamishwa akifika wa tatu, si wa kwanza. Mwalimu Msigwa alitwambia, "Nitawasubiri darajani. Mkishuka kwa dakika hamsini, mnakwenda. Mkizidisha, napeleka wengine."

Ulikuwa mwezi wa saba. Nyinyi mnaijua baridi ya mwezi wa saba huku juu. Umande ulikuwa umeganda mweupe juu ya majani, na kila mahali chemchemi ilipokatiza njia maji yalikuwa barafu. Njia yenyewe inashuka kama ngazi iliyovunjika, mlima upande mmoja, korongo upande wa pili.

Kabla hatujaanza Sekela alituonyesha viatu vyake. "Vimekwisha meno," alisema. "Msiniache mbali."

Tukakubaliana. Enesia atangulie kwa kuwa anaijua njia. Mimi nikae katikati. Enesia akiuliza kama tupo, nigeuke, nimwone Sekela, ndipo nijibu.

Tukaanza. Mwanzoni nilifanya kama tulivyokubaliana. Lakini kila nilipogeuka Enesia aliniacha kwa hatua kumi, nami nilikuwa na haraka ambayo hata sasa siwezi kuieleza vizuri. Nilikuwa nazihesabu zile dakika kichwani. Mikono ilikuwa imekufa ganzi.

Tulipovuka barafu ya tatu nilisikia jiwe likiporomoka nyuma. Mara Enesia akaita bila kupunguza mwendo, "Sekela yupo?"

"Yupo," nikajibu.

Sikugeuka. Nilijiambia nikigeuka pale nitateleza. Nilijiambia nitageuka tukifika penye udongo mkavu. Tulipofika penye udongo mkavu niliogopa kugeuka, maana nilikuwa nimeshasema. Nilitega sikio nisikie viatu vyake, nikasikia vyangu tu. Enesia akauliza tena, nikajibu tena, na jibu la pili halikunipa taabu hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Tulifika darajani kwa dakika arobaini na sita. Mwalimu alikuwa ameishika saa yake mkononi, anatazama nyuma yetu.

"Wa tatu yuko wapi?"

Enesia hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi. "Ulimwona mara ya mwisho wapi?"

"Kabla ya barafu ya tatu," nilisema.

Aligeuka akaanza kupanda mbio, nami nikamfuata, mwalimu nyuma yetu. Kushuka nilikuwa nimekuona kufupi. Kupanda hakukwisha. Nilikuwa naita jina lake kila kona, na kila kona nilijibiwa na mwangwi.

Tulimkuta chini ya njia, amenaswa na vichaka kabla ya korongo. Mguu ulikuwa umevunjika juu ya kifundo. Midomo ilikuwa ya kijivu na alikuwa ameacha kutetemeka, jambo ambalo mwalimu alilijua kuwa baya. Tulimvua nguo zilizolowa, tukamvika za kwetu, tukamfungia kwenye machela ya miti na makoti. Mpaka tunafika barabarani jua lilikuwa utosini.

Alipona, ila mguu ule haukukimbia tena. Kwenye mbio wakapelekwa wengine.

Wiki ya pili nilijikaza nikaenda hospitalini. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilimwambia nilidhani yuko nyuma yangu, nilimwambia kuhusu barafu na zile dakika. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikusikia," alisema. "Nilipoanguka pumzi ilinikata, sauti haikutoka. Lakini masikio yalikuwa mazima. Nilimsikia Enesia akiuliza, nikafurahi, nikasema sasa watarudi. Halafu nikakusikia wewe ukimwambia nipo."

Niliutazama mguu wake uliofungwa.

"Kukosa kugeuka ningekusamehe siku ileile, Lutengano. Njia ilikuwa mbaya. Lakini ungenyamaza tu, Enesia angegeuka mwenyewe. Jibu lako ndilo lililomzuia." Akavuta blanketi mpaka kifuani, akatazama ukutani. "Asiyegeuka asijibu."