Jogoo wa Nakijwa na Magunia Kumi ya Tangawizi

Huko milima ya Upare alikuwapo mama muuza maandazi, Nakijwa, maskini wa mfuko lakini si wa akili. Siku moja alimpelekea Mzee Mrutu, tajiri wa tangawizi, jogoo mnene.

"Shikamoo, mzee. Nataka kujifunza biashara. Chukua jogoo huyu, nawe uniandikie kwamba hadi mwisho wa mwezi, mwenye karatasi hii anaruhusiwa kununua magunia yako kumi kwa bei ya leo. Asipotaka, basi, na jogoo ni wako."

Mzee Mrutu alicheka hadi kofia ikamdondoka. Mama wa maandazi atatoa wapi hela ya magunia kumi? Akaandika, akatia sahihi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na jioni akanywa supu ya jogoo.

Wiki ya tatu bei ya tangawizi ikapanda mara mbili. Nakijwa akabisha hodi.

"Umeleta hela?" mzee akamtania.

"Hata ya gunia moja sina."

"Basi hiyo karatasi fungia maandazi."

"Ningefungia, mzee, ila nadhani Senkondo ataitaka. Yuko hapo nje na lori lake."

Senkondo! Mpinzani wake sokoni! Mzee akachungulia dirishani, akaliona lori.

"Niuzie mimi! Laki sita!"

Nakijwa akapokea noti kwa mikono miwili, akaaga kwa heshima, akatoka. Senkondo, ambaye hakujua lolote kuhusu karatasi, akamnyooshea kikombe.

"Mama, nimengoja mpaka nimechoka. Ile chai ya bure uliyoniitia iko wapi?"