Jiko Moja, Jina Moja

Hapo zamani, siku ambazo watu walilipwa chumvi badala ya fedha, palikuwa na mji mmoja wa bara wenye chemchemi ya maji ya chumvi. Watu waliyachemsha maji hayo kwenye majiko ya matajiri, na kila Alhamisi walilipwa vipeto: chumvi iliyofungwa kwenye jani la mgomba, kila kimoja kama ngumi ya mtoto.

Katika mji huo aliishi Nyamizi, mjane, pamoja na kaka yake Rusimbi na wifi yake Zuwena. Wote watatu walichemshia watu. Wote watatu walitamani jiko lao wenyewe. Lakini jiko liliuzwa vipeto mia mbili, nao kwa wiki walibakiwa na viwili, au kimoja, au wasibakiwe na kitu.

Basi Rusimbi akaanza kwenda kwa Kitundu.

Kitundu alikuwa na nyumba ya karata, na Ijumaa mchana, siku ya mapumziko, mikeka yake ilijaa. Kila mchezaji alipewa karata mbili, nyingine zikafunuliwa katikati moja moja, na kila ilipofunuliwa moja, watu waliongeza vipeto au waliziweka karata zao chini na kujitoa. Mshindi alizoa kitita chote. Ila kabla hajazoa, Kitundu alinyoosha mkono: katika kila vipeto vitano, kimoja chake. Kwa mchezo mmoja hakuchukua zaidi ya vinne, na hiyo ndiyo ilikuwa huruma yake yote.

Rusimbi alikuwa hodari. Alishinda, akarudi mikono mitupu. Alishinda tena, akarudi mikono mitupu.

"Sielewi, dada," alisema. "Nashinda, na sina kitu."

"Ijumaa ijayo nitauza karanga mlangoni pale," Nyamizi akamjibu.

Akakaa mlangoni Ijumaa tatu. Kila kipeto alichochukua Kitundu, Nyamizi alidondosha karanga moja kibuyuni. Ijumaa ya tatu akakimwaga kibuyu, chenye karanga za siku hiyo, mbele ya kaka yake.

"Leo mliingia na vipeto mia. Kitundu ameondoka na arobaini na sita, na hakushika karata hata moja. Wenzako hawakushindi, kaka. Unaliwa na nyumba."

"Basi niache?"

"Uache kucheza ovyo. Kitita cha ishirini anachukua vinne. Kitita cha themanini, vinne vilevile. Vitita vidogo ndivyo vinavyomnenepesha. Karata mbaya, weka chini. Karata ya wastani, weka chini. Ingia mara chache, na ukiingia, ingia kwa nguvu."

Wakakusanya vipeto thelathini, vyote walivyokuwa navyo, wakampa. Rusimbi akaenda, akakaa, akaweka chini. Akaweka chini. Akaweka chini tena. Watu wakamwita Jiwe. Wakamuuliza kama amekuja kuota jua. Yeye, aliyependa karata kuliko chakula, akatabasamu na kuweka chini. Baada ya miezi miwili thelathini ikawa sitini. Nyamizi alimtazama kutoka mlangoni, asiamini kwamba huyu ndiye kaka yake asiyejua kungoja hata ugali uive.

Lakini mwendo ulikuwa wa kinyonga, na mkono wa Kitundu ulikuwa uleule. Hapo akasimama Zuwena, ambaye hata kuchanganya karata hakujua. Alipita nyumba kwa nyumba na kile kibuyu, akimwaga karanga mbele ya kila mchezaji na mkewe. Ijumaa iliyofuata Kitundu alitandika mikeka, hakuja mtu. Ijumaa ya pili, hakuja mtu. Ya tatu alikuja Zuwena peke yake.

"Shikamoo, Bwana Kitundu."

"Marahaba. Watu wako wapi?"

"Wako makwao, wanangoja useme kimoja katika kumi."

"Nyumba ni yangu! Mikeka ni yangu!"

"Ni yako kweli. Basi ikalie wewe."

Kitundu akamkodolea macho, kisha akasema kimoja katika kumi. Ila jiko alilochemshia Zuwena lilikuwa la shemeji yake Kitundu, na Jumatatu iliyofuata Zuwena alifukuzwa kazi. Hakulia. Alirudi nyumbani akachukua jembe, akaenda kulima kibarua.

Sasa vipeto vikapanda. Themanini. Mia na kumi. Mia na hamsini. Kisha ikaja Ijumaa ambayo mchuuzi mmoja wa ng'ombe aliketi mkekani. Rusimbi aliweka arobaini katikati, mchuuzi arobaini, wengine ishirini kisha wakajitoa. Karata ya mwisho ikafunuliwa, na Nyamizi, mlangoni, akaziona karata za kaka yake. Hazikuwa kitu. Weka chini, kaka, akaomba moyoni. Weka chini.

Rusimbi hakutazama karata. Alimtazama mchuuzi, ambaye alikuwa amevikumbatia vipeto vyake vilivyobaki kwa mkono mmoja. Kisha akasukuma katikati vyake vyote, mia na kumi.

Mchuuzi alifikiri muda mrefu, akahema, akaziweka zake chini. Kitundu akachukua vinne vyake. Rusimbi akahesabu: mia mbili na sita.

Asubuhi yake walikwenda kwa karani wa chemchemi. Karani akavipokea vipeto, akafungua daftari.

"Jiko moja, jina moja. Nitakayemwandika ndiye mwenyewe. Nani?"

"Mimi," alisema Rusimbi. "Niliitwa Jiwe miezi mitano. Na siku ya mwisho kanuni ilisema niweke chini. Ningeitii, tusingekuwa hapa."

"Mume wangu, ungecheza mpaka uote mvi," alisema Zuwena. "Mimi niliupunguza mkono wa Kitundu, si kwetu tu, kwa mji mzima. Na mimi pekee ndiye niliyepoteza kazi."

Wakamgeukia Nyamizi. Aliwatazama wote wawili, akawaonea fahari, na bado akasema lake.

"Wewe, kaka, hukujua vipeto vyako vinakwenda wapi, wala wewe, wifi, hukuwa na neno la kumwambia Kitundu, mpaka nilipohesabu."

Karani akachovya kalamu winoni, akangoja. Aliwatazama watatu hao na hakuweza kuandika.

Haya, nyinyi mliosikiliza mpaka hapa, msaidieni karani: jiko lile alistahili nani?